Kitufe cha Pawabanki

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila miguu inalalamika kila siku kwa hizi ngazi za ghorofa ya tatu. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na kwamba watu wa umeme wameshakuja kuitazama ile transfoma iliyoungua badala ya kuendelea kuahidi. Tangu mnara wa simu wa huko kwenu uzimike nao, najiona nimerudishwa enzi za bibi: kalamu, karatasi, na kumbembeleza dereva wa lori la maziwa.

Kwenye mfuko aliokuletea dereva kuna vitu viwili. Cha kwanza ni mashine ya gemu, ile ya kushika mkononi. Usicheke, ni ya Mama. Mtaalamu wa mazoezi aliyemwona baada ya kiharusi ndiye aliyeshauri. Anasema mkono wa kulia ukikaa bure utasahau kazi, na ile mipira ya kuminya Mama ameitupa chini ya kitanda, niliikuta mwenyewe nilipokuwa nafagia. Humu kuna mchezo wa matofali yanayodondoka. Acheze kwa dole gumba la kulia, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Alama mashine inaziweka yenyewe.

Cha pili ni pawabanki ya kuichajia. Nimezunguka maduka mengi kuipata, kwa hiyo itunze. Ikiisha, ipeleke kituo cha maziwa wakaijaze kwenye ile sola yao ndogo.

Hili msomee Mama kwa sauti: Mama, usiizime kamwe. Niliijaribu hapa kwangu, nikaizima, alama zangu zote zikafutika. Iache iwake muda wote.

Na hili naliandika waziwazi tusije tukagombana baadaye. Nitakuja Jumamosi tarehe 6 Aprili. Nikikuta alama zimefika elfu tano nitajua mkono unarudi, na Mama atabaki hapo kwake na cherehani yake. Zisipofika, anahamia kwangu, karibu na hospitali. Chumba nimeshakipaka rangi.

Dada yako


Jumapili, tarehe 10 Machi

Dada,

Barua imefika, mashine imefika. Pawabanki nayo sijui tuseme imefika au imepita tu.

Mama ameipenda mashine. Dakika kumi za kwanza alisema ni mambo ya kitoto, na baada ya hapo nikimsalimia hanisikii. Shida ni hicho kidude chako. Nachomeka waya, taa ya buluu inawaka, narudi kwenye kazi yangu. Dakika tano hazijaisha, Mama ananiita: imezimika. Naacha kazi, nabonyeza kitufe cha pembeni, taa inawaka. Nikishika tu randa, naitwa tena. Ijumaa nimeitwa mara kumi na nane, nimehesabu. Na hicho kitufe kilivyo kigumu, mimi niliyekulia kwenye mbao kidole kinaniuma.

Kinachonitia wazimu zaidi ni kwamba kwenye kioo alama ya radi inaonyesha mashine inachaji, na papo hapo asilimia zinashuka. Asubuhi sabini, mchana hamsini, jioni thelathini, na radi iko pale pale inanikodolea macho; usiku Mama akilala ndipo zinapanda kidogo. Mashine yenyewe Mama hakubali itoke nje ya mlango nikaichaji kituoni.

Kumbuka nina madawati ishirini ya shule ya kumaliza, na bila umeme nayapiga randa kwa mkono. Sina nafasi ya kuwa mhudumu wa pawabanki.

Halafu nikuulize. Mgongoni ina maandishi yaliyokwanguliwa. Nikiielekeza kwenye jua nasoma "Semina ya Watunza Masjala". Hilo ndilo duka ulilolizunguka?

Kuhusu kuhama, Mama nimemsomea. Aliuliza tu ngazi zako ni ngapi.

Mdogo wako


Jumatano, tarehe 13 Machi

Mdogo wangu,

Ndiyo, niliipata semina. Kila karani wa masjala alipewa moja, nami nikaona badala ya kuitumia iende kwa Mama. Nilikwangua maandishi kwa sababu nakujua, ungeipokea huku umebinua mdomo. Nisamehe kwa hilo la maduka. Lakini pawabanki ni nzima. Kabla sijaituma niliichajia simu yangu wiki nzima, haikuzimika hata mara moja.

Kwa hiyo tatizo liko huko. Labda dereva wa maziwa anaijazia simu yake njiani. Labda waya umeukanyaga na buti zako. Labda, na usikasirike, si Mama peke yake anayecheza. Nakumbuka vizuri nani alikuwa anajifungia chooni na kile kigemu cha jirani tulipokuwa wadogo.

Unaniandikia ukurasa mzima wa kulalamika kuhusu kitufe, na kuhusu mkono wa Mama hujaandika hata neno. Vidole vinakunjika? Anashika kijiko? Alama zimefika ngapi? Mimi nimekaa huku nahesabu siku, na wewe unahesabu mara ulizoitwa na mama yako mzazi.

Ngazi ni hamsini na mbili. Mwambie zina sehemu za kupumzikia.

Dada yako


Jumapili, tarehe 17 Machi

Dada,

Dereva ameapa mbele ya watu wa kituo kwamba mfuko hakuufungua, na sasa hanisalimii kwa ajili yako. Waya ni mzima. Na mimi sichezi. Hata ningetaka, Mama hamwachii mtu mashine.

Alama zimefika elfu mbili mia tisa. Kijiko bado anashikia mkono wa kushoto. Ndivyo ilivyo, sikufichi.

Juzi uvumilivu uliniisha. Nilikuwa nimepaka gundi miguu ya dawati, gundi haisubiri mtu, naye akaita. Nikaenda, nikabonyeza, nikarudi. Akaita tena. Nikaichukua pawabanki nikamwekea pajani, upande wa kulia, nikamwambia, "Mama, ikizimika bonyeza mwenyewe. Mimi nina kazi." Nilisema kwa sauti ambayo sikupenda kuisikia. Alininunia mpaka jioni. Tangu siku hiyo hajaniita tena. Sijui anaibonyezaje, ila mashine inawaka.

Nimechoka, Dada. Nachoka kuamka kabla hajaamka, nachoka na hizi mbao, nachoka na barua zako za kuniulizia maswali kama hakimu. Wewe unakaa huko na chumba chako kilichopakwa rangi. Mimi niko hapa na mtu.

Mdogo wako


Jumatano, tarehe 20 Machi

Mdogo wangu,

Leo nimekwenda kwa fundi simu aliye chini ya ofisi yetu, nikamweleza yote. Hata hakuinua kichwa. Anasema pawabanki za namna ile zina nguvu ndogo, za simu tu. Mashine ya gemu ikiwa inawaka inakunywa umeme mwingi kuliko inaopewa, ndiyo maana asilimia zinashuka, na pawabanki ikizidiwa inajizima yenyewe. Dawa ni kuizima mashine kabisa, kuichomeka na kuiacha mpaka asubuhi. Itajaa polepole, ila itajaa. Nikamuuliza kuhusu alama kufutika. Amesema mimi niliizima katikati ya mchezo. Mchezo ukiisha, alama zinabaki.

Najua, najua, mimi ndiye niliyesema msiizime. Lakini wewe ni fundi. Unazifungua mashine zako za mbao na kuzifunga. Wiki mbili unaona asilimia zinashuka na hukujiongeza kujaribu kitu kimoja tofauti? Na sasa umemwachia mgonjwa abonyeze mwenyewe kitufe ambacho wewe mwenye mikono miwili kinakuumiza.

Ndivyo ulivyo. Siku Mama alipoanguka ulikuwa hatua chache kutoka mlangoni kwake, randa ya umeme inaunguruma, akakaa sakafuni mpaka mteja wa nguo alipokuja kumkuta. Ungekuwa unasikia, labda mkono huo ungekuwa unashona leo.

Mwambie Mama azime mashine.

Dada yako


Jumatano, tarehe 27 Machi

Mdogo wangu,

Jumatatu nimesimama getini kwa wauza maziwa mpaka dereva akashusha dumu la mwisho. Hakuwa na barua yako. Nilimuuliza kama umempa hata neno la mdomo. Akasema ulisimama kando ya lori, mkono mfukoni, ukarudi ndani.

Nisamehe. Lile la randa lilinitoka, na nilipokwishalituma nililijutia kabla lori halijavuka kona. Sikuwa hapo siku ile. Huwa nakuja na kuondoka, na hilo ndilo linalonichoma, nami nikakutupia wewe kwa kuwa ndiye uliye karibu. Nilikuwa ofisini naweka mafaili ya watu nisiowajua kwa mpangilio wa herufi. Niliambiwa saa kumi jioni.

Nakiri na hili: chumba nilikipaka rangi kabla ya kiharusi. Nilikuwa natafuta sababu ya kumwita. Jioni huku ni ndefu kwa mtu mmoja.

Nimenunua pawabanki nyingine, hii kweli ya dukani, kubwa, yenye nguvu. Nitakuja nayo. Tafadhali niandikie. Hata matusi.

Dada yako


Jumapili, tarehe 31 Machi

Dada,

Yameisha. Sina cha kukutukana, maana hilo la randa najiambia mwenyewe kila ninapoigusa. Umeme ukirudi sijui kama nitaweza kuiwasha.

Nikueleze yaliyotokea, uamue wewe.

Nilimwambia Mama azime mashine kama fundi simu alivyosema. Akakataa. Akaniuliza aliyesema usizime ni nani, na anayesema zima ni nani. Ijumaa mashine ikaisha chaji ikazimika yenyewe, na Mama akalia. Sijamwona akilia tangu siku ya kwanza hospitalini. Alisema sasa ataenda kukaa juu ya ngazi hamsini na mbili kwa sababu ya tofali lililokuwa halijadondoka.

Nikaichomeka ikiwa imezimika, nikaiacha. Asubuhi ilikuwa imejaa, imejaa kabisa, kwa pawabanki hiyo hiyo ya semina. Nikaiwasha. Zimepotea za mchezo ule wa mwisho tu, nyingine zipo zote. Elfu tano mia tatu arobaini.

Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Lakini jana nilikwenda dirishani kwake kupima fremu, sikuvaa viatu, hakunisikia. Nikamwona. Mashine ameiegemeza kwenye mto, anacheza kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umelala pajani chini ya shuka, juu ya pawabanki, kama siku zote. Zile alama zote ni za mkono wa kushoto, Dada. Tangu siku ya kwanza.

Aliponiona hakushtuka. Alisema, "Usimwambie dada yako."

Nimezunguka uwanja huu tangu jana. Siku ile nilikuwa mtu asiyesikia. Sitaki sasa niwe mtu anayeona na kunyamaza. Alama zimefika, mkono haujarudi. Mimi nataka abaki, unajua nataka abaki, lakini siwezi kukuacha uje uhesabu uongo.

Mdogo wako


Jumatano, tarehe 3 Aprili

Mdogo wangu,

Ahsante kwa kuniambia ukweli. Najua umekugharimu.

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali pa kushika, sijapapata. Nilisema zisipofika anahama, na zimefika kwa njia ambayo ni sawa na kutofika. Nimeomba gari la mfanyakazi mwenzangu. Jumamosi tutafika kabla ya saa nne. Mfungashie nguo, dawa na lile blanketi lake. Cherehani iache kwanza, haitapita kwenye ngazi.

Msomee barua hii polepole. Mwambie sijamkasirikia. Mimi ningecheza kwa miguu kama ingesaidia.

Dada yako


Alhamisi, tarehe 4 Aprili

Wanangu,

Barua hii nimeianza Jumapili, Seremala wangu alipomaliza kuandika yake akasahau kalamu mezani. Naandika maneno machache, napumzika. Mtanivumilia. Herufi zinalala huku na huku kama watu waliochoka.

Ya Karani wangu nimesomewa sasa hivi. Dereva anapakia maziwa na amekubali kunisubiri. Mdogo wako aliyenisomea nimemwambia ni ombi la dawa; utamsomea hii ukija Jumamosi.

Ni kweli nilicheza kwa kushoto. Wa kulia ulikuwa haushiki. Nilijaribu siku ya kwanza, mashine ikaanguka, nikaogopa. Nilikuwa naogopa ngazi zako, binti yangu. Nikizipanda mara moja, nitashuka lini? Kwa hiyo nikadanganya, na sikuona haya hata kidogo.

Lakini ile pawabanki ya semina ilikuwa inazimika kila ninapokaribia kupata safu nzuri. Kushoto kuna kazi. Mdogo wako amenikasirikia huko kwenye madawati. Nimebaki na huu wa kulia. Nikauinua nikaudondosha juu ya kitufe, hakikusikia. Nikaegemea na mwili mzima. Siku mbili nilibonyeza kwa kiganja, halafu kwa ngumi. Nilikitukana kile kitufe matusi ambayo sikuwahi kuwafundisha. Basi siku moja, nimekasirika, macho yako kwenye matofali, taa ikazimika na ikawaka, nikatazama chini. Ni dole gumba lililobonyeza.

Sikumwambia mtu. Niliogopa nitaamka limelala tena. Nikawa nafunika kwa shuka, nabonyeza. Juzi niliacha gemu kabisa nikahesabu hilo tu, zikafika mara mia moja na arobaini kabla sijachoka.

Sindano bado siiwezi. Kijiko kinamwagika. Kalamu mnaiona wenyewe.

Jambo jingine, nalo ndilo lililonifanya niichukue kalamu. Barua zenu zinaachwa mezani nami nazisoma; mnaandikiana kuhusu randa kana kwamba sipo. Siku ile sikuita. Nilitaka kuita na ulimi haukuja. Randa ingenyamaza, nyumba yote ingenyamaza, hakuna ambaye angesikia kitu. Nililala pale namsikiliza anavyofanya kazi, na ndiyo iliyonizuia nisiogope. Umeme ukirudi, mwanangu, iwashe.

Karani wangu, Jumamosi njoo. Njoo na gari, ukae siku mbili, ulale kitanda changu. Chumba chako nitakuja kukiona mkono ukiweza kushika reli ya ngazi. Sikatai, nasema bado. Ile pawabanki kubwa irudishe dukani.

Angalia mwandiko vizuri, halafu ndiyo unihesabie alama.

Mama yenu

Hii pawabanki ndogo nimemkatalia Seremala kuipeleka kituoni. Haina chaji, lakini kitufe bado kinabonyezeka.